Maswali ya Magari: DX gani nianzie restomodi?

SWALI: Habari zenu. Nina kama laki sita nimeweka kando nataka kuanza restomodi, yaani sura ibaki ile ya kizamani lakini injini na breki ziwe za siku hizi. Nimeona Toyota DX mbili huku, moja imepigwa rangi juzi tu na injini yake iko freshi, ingine imelala kwa boma la mzee fulani, injini imekufa na rangi imepauka vibaya. Ya kwanza bei ni karibu mara mbili. Ama niachane nazo nitafute Peugeot 504?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Sasa ndugu yangu, hiyo injini freshi unailipia ya nini na utaing'oa? Nenda kwa mzee kwanza.

Rangi mpya kwa gari ya miaka arobaini ndio inanitia wasiwasi zaidi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe chini ya milango na pale juu ya magurudumu, ikikataa kushika ujue hapo ni puti tupu. Halafu inua kapeti udunge sakafu na bisibisi, na ufungue boneti uangalie pale shokabu za mbele zinashikilia juu, sakafu inachomelewa tu lakini hapo kukiwa na kutu rudi nyumbani, uzito wote wa mbele unakaa hapo.

Hizo DX za boksi, yaani Corolla ya KE70, zinapendwa juu zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, sedan ya Corolla iliyofuata 1983 ikahamia mbele. Kwa laki sita usianze kuota injini ya 4A-GE, hiyo unabadilisha gia boksi, maunti, pampu ya mafuta na waya zote, na waya peke yake fundi anaweza kaa na gari yako mpaka usahau rangi yake. Kama injini ya gari ya mzee ni 4K ya cc 1290, tafuta 5K ya Toyota LiteAce, cc 1486, ni ukoo mmoja na gia boksi yako inabaki. Pesa itakayobaki weka breki kabla ya rimu, tafadhali.

504 naipenda sana, ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, lakini shafti yake imefungiwa ndani ya bomba linaloshika gia boksi na difu pamoja, kubadilisha gia boksi hapo ni vita. Hiyo irudishe tu vile ilitoka kiwandani.

Kitu ingine, linganisha namba ya chesi na logbuku kabla ya kutoa hata shilingi, maana gari ya zaidi ya miaka minane huwezi ingiza Kenya, kwa hivyo hizi ziko na karatasi safi ndizo hizo tu. Injini ukibadilisha, weka risiti yake na upeleke gari NTSA, mamlaka ya usafiri, ikakaguliwe. Na kama jina kwa logbuku ni la marehemu, ngoja familia imalize mambo ya urithi kortini ndio ulipe.