Hedifoni za Bluetooth kusikika vibaya kwenye kompyuta ya mezani

Pole ndugu yangu. Umesema kwenye simu hedifoni zako zinapiga muziki safi, ila kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10, ukifungua Zoom tu, sauti inakuwa kama ya simu yenye mtandao mbovu. Basi hedifoni ni nzima, usinunue nyingine. Shida ni maikrofoni yake: ikiwashwa, Bluetooth huacha njia ya stereo (kila sikio na sauti yake) na kuhamia njia ya kupigia simu, ambayo ni mono (sauti ileile masikio yote) na huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, wakati muziki kwa kawaida hutumia 44,100.

Bofya alama ya spika chini kulia. Utaona jina la hedifoni mara mbili. Chagua lenye "Stereo", siyo "Hands-Free", ambalo ndilo njia ya kupigia simu. Kisha ndani ya Zoom weka maikrofoni nyingine, hata ya waya ya bei ndogo. Mimi nina ya kubana kwenye kola, na wanafunzi wangu wananisikia vizuri kuliko zamani.

Ikiwa sauti pia inakatikakatika, tazama kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kama unakitumia. Kikichomekwa nyuma ya kompyuta, jirani na diski ya USB 3.0, hupata mwingiliano kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo Bluetooth hutumia. Kisogeze mbele kwa waya wa kurefushia.