Kuhusu shule ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza bila miwani. Unauliza mumpeleke mtoto shule ya Kiwelisi au ile ya Kiingereza iliyo karibu na nyumba yenu hapo Cardiff, Wales, na kama kichwa cha miaka minne kitaweza Kiswahili chako, Kiingereza cha mtaani na Kiwelisi cha baba yake bila kuchanganyikiwa. Hatachanganyikiwa. Nimefundisha miaka 37 na sijaona mtoto aliyechanganywa na lugha. Waliochanganywa na njaa nimewaona wengi.

Lakini nataka kwanza nikwambie kwa nini nilinyamaza siku ile kule Llanuwchllyn. Mumeo alisimamisha gari kando ya barabara, tukashuka kutazama ile sanamu ya baba na mwana waliokitetea Kiwelisi, O. M. Edwards na Ifan. Ulidhani ni baridi, ukanizungushia skafu. Haikuwa baridi, mama.

Tangu tulipouacha mji wa Bala, mumeo alikuwa akinisimulia habari za huyo mzee. Alizaliwa kijijini hapo mwaka 1858, miaka 100 kamili kabla yangu. Nyumbani kwao Kiwelisi, kanisani Kiwelisi, hata kusoma alikuta kunafundishwa kwa Kiwelisi shule ya Jumapili. Halafu akapelekwa shule ya kijiji. Huko mtoto akisikika anasema neno la kwao anatundikwa kibao shingoni kwa kamba. Akitaka kukivua amsikilize mwenzake, amnase, kibao kihame. Kengele ya jioni ikilia, atakayekutwa nacho ndiye achapwaye.

Nilimwambia mkwe wangu, hiyo tunaijua, kwetu tuliita diski. Akacheka kwa mshangao. Kisha akaniambia lililobaki: kwamba mzee huyo alipokuwa mtu mzima aliandika habari za kibao hicho, akasema alichapwa mara nyingi kwa sababu hakuwahi kukihamisha. Fimbo haikumchukiza sana. Kilichomchukiza ni kumfundisha mtoto ampeleleze mtoto mdogo kuliko yeye ili adhabu yake imwangukie yule.

Hapo ndipo niliponyamaza.

Mwaka 1968 nilikuwa darasa la nne, baba yako mdogo yuko la pili. Diski ilinipata asubuhi mapema, nimeomba kifutio kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita. Tangu saa mbili hadi mapumziko ya mchana nilizunguka uwanja mzima kama mwizi nikitega masikio, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa bubu. Wakijua diski iko kwa nani, hawakukaribii. Sasa, nilikuwa nimesahau chakula nyumbani. Mama, yaani bibi yako, alimpa mdogo wangu viazi vitamu viwili, changu na chake. Akanitafuta. Akaniona kule chini ya mkaratusi, akapaza sauti kwa furaha, njoo ule, vingali na moto. Kwa Kidawida, bila shaka. Angejuaje kuniita kwa Kiingereza? Alikuwa na miaka minane na Kiingereza chake kilikuwa kuhesabu hadi 20.

Nilikivua kile kibao cha mbao nikamvika. Na kiazi nikala.

Jioni alichapwa viboko sita mbele ya shule nzima. Njiani kurudi alitembea mbele yangu, mimi nyuma, na kwa mama hakusema. Hakusema siku ile, hakusema hadi leo. Mnamwita mkimya, mnasema ndivyo alivyoumbwa. Sijui. Kabla ya darasa la pili alikuwa anaimba kijiji kizima kikasikia.

Nimekuwa nikisema tangu u mtoto, na najua utasema baba ameanza tena: lugha haiuawi na mgeni, huuawa na haya. Mumeo tulibishana naye juu ya hili hadi mkalala. Yeye anasema Kiwelisi kilisimama kwa sababu ya Biblia ya William Morgan, yule kasisi aliyeitafsiri na kuichapisha mwaka 1588. Sikatai, Biblia ni nguzo. Lakini mwaka 1847 Biblia ilikuwapo miaka zaidi ya 250, na wakaguzi watatu wa serikali ya Uingereza wasiojua neno la Kiwelisi walipoandika kwamba lugha hiyo ndiyo inayowazuia watu wasiendelee, tena inawaharibu tabia, wazazi wangapi waliinamisha vichwa? Wengine wakawa radhi kabisa watoto wao wavishwe kibao. Ni haya hiyo, mwanangu. Si sheria.

Michael D. Jones naye, yule mchungaji mzaliwa wa Llanuwchllyn hiyo hiyo, aliona dawa ni kuhama. Watu wapatao 150 wakapanda meli Mimosa pale Liverpool mwaka 1865 hadi Patagonia, Argentina, wakawe Wawelisi mbali na Waingereza. Mwenyewe alibaki Bala! Nilicheka sana niliposikia. Halafu nikakoma kucheka, maana nami ni wa kupeleka wengine.

Maana tuseme ukweli. Huyo huyo O. M. Edwards alikula mkate wa Kiingereza. Alifundisha historia Oxford hadi 1907, ndipo akarudi kuwa mkaguzi mkuu wa shule za Wales. Majarida ya Kiwelisi aliyowaandikia watu wa kwao na watoto wao aliyaandika usiku, mchana akiwa mwalimu wa Waingereza. Kwa hiyo Kiingereza si sumu. Na mimi nani nikiseme vibaya, hali ndicho kilichonipa mshahara, mshahara ukakupa karo, karo ikakufikisha Cardiff?

Ila mwanawe Ifan hakutosheka na majarida. Mwaka 1939 alifungua shule ya Kiwelisi huko Aberystwyth kwa watoto saba. Saba tu! Mimi darasani kwangu saba ni dawati mbili. Lakini angalia alilotenda: alianza na mwanawe mwenyewe. Nami wangu nilianza nao wapi? Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kidawida usingeisoma, na kosa ni langu. Mlipozaliwa tulikuwa tunaishi kwenye nyumba za walimu, majirani wa kila kabila, nikasema Kiswahili kinatosha. Kinatosha, na nakipenda. Lakini sikukwambia sababu ya pili. Kila nilipofungua kinywa nikusemeshe Kidawida, nilisikia mtu ananiita nile kiazi.

Sasa usiniulize mumpeleke wapi. Shule ni ya mwanenu, nauli ya basi ni yenu, na asubuhi za mvua mtaamka nyinyi. Naomba moja tu, ukaulize mwalimu anafanyaje mtoto akiropoka Kiswahili darasani, ukamtazame uso anapojibu. Ukinisukuma sana nitasema ile ya Kiwelisi, lakini sijasema.

Siku ya mahari unakumbuka baba yako mdogo alivyosimama akahutubia kwa Kidawida, akakataa kutafsiriwa, na baba mkwe wako akainuka akamjibu kwa Kiwelisi, ukumbi mzima tusielewe kitu? Wewe ulicheka hadi machozi. Mimi yangu hayakuwa ya kicheko.

Baba yako mdogo amepita hapa sasa hivi kuchukua ndoo ya maziwa. Ameuliza naandika nini. Nikamwambia, habari za shule ya mtoto, na kwamba huko Wales nako walikuwa wanavishwa kibao. Akasimama kidogo mlangoni.

“Yetu haikuwa mbao,” akasema. “Ilikuwa bati. Ilikuwa inakata hapa.” Akajigusa shingo, akaenda zake kukamua.

Nisalimie mkwe wangu.

Baba