Jioni ya mwisho Istanbul: mizigo ifungwe asubuhi

SWALI: Tunakwenda Istanbul na kundi la watu 18. Tarehe 13 jioni kuna chakula cha kuagana, na tiketi ya kurudi Dar inasema tarehe 14, saa 01:40. Nikishakula ndipo nifunge mizigo? Na kiongozi anayetutembeza tumpe nini? — Msomaji, Tabata

JIBU: Ukishakula utakuwa umechelewa. Hiyo 01:40 ni saa saba na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo hotelini mnatoka tarehe 13. Watu huachwa na ndege hapa hapa: wanaona 14, wanalala. Hesabu kwa kurudi nyuma. Uwanjani fikeni masaa matatu kabla ya ndege kuruka, yaani saa nne na dakika arobaini usiku. Kutoka Sultanahmet, eneo la kale la jiji, ni kama kilomita 50, na foleni ya jioni ni nzito. Basi liondoke saa tatu kamili. Chakula kianze saa kumi na mbili. Saa zao ni sawa na zetu, usiguse saa yako.

Vyumba kwa kawaida hurudishwa mchana, na mabegi hukaa stoo ya hoteli hadi usiku. Ndiyo maana nasema funga asubuhi. Pasipoti ikiwa kwenye kasiki la chumbani, iweke pamoja na kiatu kimoja utakachovaa siku hiyo. Hutatoka bila kiatu. Chungulia na soketi ya nyuma ya kitanda, adapta hubaki pale. Pawabenki ipande nawe ndani ya ndege, isiingie begi kubwa. Ya mAh 20,000 (ujazo ulioandikwa juu yake) ni kama Wh 74, kipimo cha nishati ambacho mashirika ya ndege hukiangalia, haina shida. Ikipita Wh 100 uombe kibali cha shirika. Kama ulinunua koti la ngozi na duka likakupa fomu ya kurudishiwa kodi, liweke juu kabisa: forodha hulikagua kabla hujakabidhi begi.

Kiongozi apewe bahasha, na dereva ya kwake, maana ya kiongozi haimfikii. Kusanyeni tarehe 12, noti tupu. Dereva mara nyingi hayupo mezani, mpeni uwanjani akishashusha mabegi. Lira zinazobaki zitumieni huko huko, Dar kuzibadilisha ni taabu.

Vitu mlivyofungiwa dukani kwenye mifuko ya plastiki vihamishieni kwenye kitambaa. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na mtaiacha uwanjani.