Maswali ya wasomaji: Mama Tumaini anaingia kwenye ukungu, anatokea mwaka gani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako wa hapa Uyole, Mbeya, naandika riwaya yangu ya kwanza kwenye kaunta buku, ya kusisimua ila ni ya mama na mtoto. Binti wa Mama Tumaini ana miaka 17, alizaliwa 2007, katumwa kwa bibi yake Tukuyu na hakufika. Sasa huyu mama kila akipanda Kosta ya Tukuyu kumtafuta, wakifika Isongole ukungu unashuka, dereva anawasha taa mchana, wakitoka huko mama anajikuta karudi nyuma miaka kadhaa na ni yeye peke yake anayejua. Wifi yangu kasoma mpaka ukurasa wa 40 anasema hajui tena yuko mwaka gani, eti niweke tarehe juu ya kila sura. Anasema pia nisimrudishe mama kabla mtoto hajazaliwa, ni mkosi. Halafu meseji ya mwisho ya binti nimeandika 2:10 usiku kumbe nilitaka saa nane, kanicheka kweli. Nisaidie.
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kurasa ulizotuma nimezimaliza usiku mmoja, nimejifunika blanketi mbili, nilipofika pale ukungu unaposhuka nikainuka kwenda kufunga dirisha nikakuta limefungwa tangu jioni. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, unaandika.

Wifi yako ana haki ya kupotea ila tarehe siyo dawa, msomaji anairuka tu. Mama yuko kwenye gari, hana kalenda, yeye atajuaje? Atajua kwa kuangalia watu wameshika nini. Ashuke Isongole anunue viazi, muuzaji amtilie kwenye rambo waziwazi bila hofu ya mtu. Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, basi hapo hapo tunajua Tumaini hajafika sekondari, na wewe hujataja mwaka. Ukungu wa pili, jirani yake kwenye siti anasema anatoka Vwawa, mkoa huu huu wa Mbeya, maana Songwe ulikuwa haujamegwa, ulimegwa 2016. Ukungu wa tatu, baba mmoja anampa konda bahasha ya hela ampelekee mama yake Tukuyu, anazihesabu mbele ya abiria wote na kila mtu anaona ni kawaida, si unajua M-Pesa hapa kwetu imeingia 2008. Usimweleze msomaji, mwache ashtuke mwenyewe.

Ila kosa lako kubwa wifi hakuliona. Unamsafirisha huyu mama kichwa tu, mwili umeuacha Uyole! Akirudi 2007 yeye ni mzazi wa miezi miwili, sasa mbona anatembea kama mtu wa miaka arobaini na kitu? Mkalishe siti ya nyuma, mtoto wa mtu alie huko mbele, na kabla mama hajajua katokea mwaka gani ahisi blauzi imelowa kifuani. Aliyewahi kunyonyesha anajua maziwa hayaulizi huyu anayelia ni wa nani, yanashuka tu. Hapo msomaji kaupata mwaka na kapata na balaa lenyewe, kwamba Tumaini mchanga yuko nyumbani sasa hivi analia njaa, na mama yake yuko Isongole anamtafuta Tumaini mkubwa. Arudi amnyonyeshe au aendelee? Wewe safari hiyo umeipa sentensi nne, mbili ni za milima. Milima tunaijua mdogo wangu, toa.

Kumrudisha kabla ya kuzaa, mrudishe. Hapo simsikilizi wifi. Yaani kwetu mwanamke akishazaa jina lake linafungiwa kabatini, sokoni, kanisani, kwenye kikoba, kote ni Mama Fulani, wengine hata jirani wa miaka kumi hamjui jina. Sasa mshushe stendi ya Tukuyu, amsogelee muuza ndizi anayemfahamu, aulize hujamwona mwanangu, mimi Mama Tumaini. Yule mama amwangalie, acheke: "We Atupele, umezaa lini?" Basi. Asijibu. Mkono uende wenyewe chini ya kanga, pale penye kovu la operesheni, apapase, ngozi iwe laini haina hata mkwaruzo. Mimi hapo ningemaliza sura, tena bila nukta tatu zile unazopenda.

Ile 2:10 USIIFUTE. Aisee hilo kosa ndiyo fumbo la kitabu chako na umelipata bure. Simu inaonyesha 02:10, askari kanakili kwenye maelezo "2:10 usiku", familia nzima wakasoma saa mbili, wakahoji makonda wa magari ya saa mbili, wakamkamata na kijana wa watu, kumbe ilikuwa saa nane usiku wakati hata gari barabarani hakuna. Masaa sita! Kitabu cha kizungu hakiwezi kufanya hivyo, saa yao na simu yao ni moja. Mama aje agundue mwishoni kabisa, tena akiwa amerudi miaka ambayo hata simu hana ya kumpigia mtu. Na ukitaja usiku huo andika "usiku wa kuamkia Alhamisi", maana ukisema "usiku wa Jumatano" bibi yake Tumaini na yule askari kila mmoja ataelewa usiku wake.

Wifi mnyime daftari mpaka sura ya stendi iishe. Ukimaliza nitumie kwa mtu anayekuja, usiiweke kwenye bahasha ukampa konda. Ndaga fijo, yaani asante sana.