Shokapu za mjini na za uwanja wa mbio: majibu ya maswali yenu

Nina Impreza WRX STI ya 2004, shokapu zinagonga. Ni gari la kwendea kazini, ila nalipeleka pia kwenye mbio za kushindana na saa. Ninunue koilova (shokapu na springi yake zikiwa kitu kimoja, kimo kinarekebishika)? (Nairobi)

Kwanza usizitupe hizo ulizonazo. Shokapu za STI hiyo zimefungwa kichwa chini: mwili mnene wa shokapu ndio unaoteleza ndani ya ganda, ili usipinde gari linapokunja kona kwa nguvu. Grisi ya humo ikikauka, zinagonga hata kama vali ziko salama. Mwambie fundi azifungue, asafishe, apake grisi upya, halafu usikilize tena.

Kama kweli zimekufa na gari linaishi kwenye matuta na mashimo, mimi ningeiacha koilova kwanza. Uzuri wa koilova ni kukuruhusu kuchagua springi, kimo na mgawanyo wa uzito kwa kila gurudumu. Asiyepima hayo amelipia nati za kushushia gari tu. Na koilova za bei ya chee huwa na kliki (hatua za kurekebisha ugumu wa shokapu) nyingi zisizobadilisha kitu. Muulize muuzaji kama ana grafu ya mashine ya kupimia shokapu. Akikuangalia tu, umeshajibiwa.

Ukichagua Bilstein, angalia namba: B6 imekusudiwa springi za kiwandani, B8 ni fupi, ya gari lililoshushwa. Ukiweka B6 kwenye springi za kushusha, shokapu inaanza safari ikiwa imeshabonyea, na shimo la kwanza linaipigiza kwenye raba ya kuzuia, ile inayoikinga isigonge mwisho wa mwendo wake.

Natumia Toyota GT86 kwenye uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome. Mizunguko ya mwanzo safi, baadaye gari linaanza kuyumba kama mashua. Mafuta ya shokapu yanachemka? (Dubai)

Pima upepo wa tairi kwanza, zikiwa za moto. Tairi iliyozidi joto inaleta hisia hiyohiyo, na kuirekebisha ni bure.

Kama tairi ziko sawa, basi ndiyo, shaka iende kwenye shokapu. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa springi kuwa joto. Zile za bomba mbili, bomba ndani ya bomba, hupoa polepole kwa sababu mafuta ya kazi yako ndani. Yakichanganyika na gesi yanatoa povu, na povu halizuii kitu likipita kwenye vali. Za bomba moja zina pistoni inayoelea ikitenganisha mafuta na gesi yenye mgandamizo mkubwa, na mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja. Kwa joto la Ghuba ningechukua hizo. Ubaya wake ni mmoja: jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama, maana inatembea kwenye ukuta huohuo. Ya bomba mbili ingeendelea na kazi.

Spidi kubwa na spidi ndogo kwenye marekebisho ya shokapu: moja ni ya barabara kuu, nyingine ya mjini? (Dar es Salaam)

Hapana. Ni spidi ya pistoni, si ya gari. Kukata kona na kushika breki huisogeza pistoni polepole; shimo au ukingo wa uwanja huisukuma ghafla. Unaweza kuwa kwenye kilomita 30 kwa saa ukagonga shimo, hiyo ikawa spidi kubwa.

Nimeweka springi ngumu mara mbili ya za zamani. Fundi anasema nikaze kliki zote mpaka mwisho. (Mombasa)

Mwambie pole pole. Springi ikiongezeka ugumu mara mbili, uzuiaji wa shokapu unaohitajika unapanda kwa asilimia 41 hivi, si maradufu. Ukikaza kupita kiasi upande wa kurudi (shokapu inaporefuka), gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta linalofuata. Kila tuta linalivuta gari chini zaidi, mpaka linakaa juu ya raba za kuzuia na kurukaruka kwenye kona. Hesabu kliki kutoka pale zilipofungwa kabisa, kushoto na kulia sawa, badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika. Ukitoka uwanjani zirudishe kwenye namba zako za mjini.

Nikilishusha sana si litashika barabara zaidi? (Arusha)

Kidogo, ndiyo. Sana, hapana: kwa gari lenye strati mbele (shokapu ambayo yenyewe inashikilia gurudumu), mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na mwili wa gari, ukishainama kuelekea juu upande wa gurudumu, gari linazidi kulala kwenye kona.

Siku ya kufunga, kipi hakisahauliki? (Kampala)

Mauntingi za juu (zinazoshika shokapu kwenye mwili wa gari) na raba za kuzuia, zibadilishwe pamoja na shokapu. Halafu boliti za bushi (raba za maungio) za mikono: zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki. Bushi iliyokazwa ikining'inia inabaki imejisokota muda wote na inachanika mapema. Gari likitoka hapo, liende moja kwa moja kwenye alaimenti.