Kurekodi Walzi za Chopin: Anza na Mkono wa Kushoto

Anayerekodi walzi za Chopin, yaani vipande vyake vya piano vya mapigo matatu, kwa mara ya kwanza hufanya mazoezi ya mkono wa kulia miezi mingi, halafu kinachomwangusha ni wa kushoto. Besi, yaani noti ya chini, ya pigo la kwanza ndiyo inayobeba kipimo, yaani kila kundi la mapigo matatu. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya pigo la pili iwe nyepesi, ya tatu nyepesi zaidi. Wengi huzigonga zote sawa kwa sababu mkono unaruka kutoka chini na kutua na uzito wake wote. Wahi kufika: vidole viguse funguo kabla ya kuzibonyeza. Pedali ikanyagwe mara tu besi inapolia, iachiwe kabla ya kipimo kuisha. Ukiing'ang'ania kwenye sehemu ya kasi ya Op. 64 Na. 2 (Op. ni namba ya chapisho, Na. ni kipande ndani yake), noti zinageuka uji.

Op. 42 ina mtego wake. Kushoto panahesabu tatu, ila noti za wimbo kulia zinaangukia mara mbili katika kila kipimo: noti ya kwanza na ya nne kati ya sita. Cheza hizo mbili tu pamoja na kushoto mpaka zikae, ndipo uongeze zilizobaki, kwa sauti ya chini.

Op. 64 Na. 1, ile inayoitwa ya dakika moja, huchukua dakika moja na nusu hadi mbili. Kushindana na saa ni utoto.

Op. 69 na Op. 70 zilichapishwa na rafiki yake Chopin, Julian Fontana, mwaka 1855, Chopin akiwa ameshafariki tangu 1849, na baadhi zinatofautiana na miswada ya Chopin mwenyewe. Chagua toleo kabla ya kuingia studio. Ukibadili katikati, vipande havitaungana.

Fundi aipange piano sauti asubuhi ileile ya kurekodi, na abaki karibu. Mwambie akague hasa ile noti ya B-flati inayorudiwarudiwa mwanzoni mwa Op. 18, maana hapo ufunguo mzito unaumbuka mara moja. Piano ya kusimama hairudishi nyundo haraka kama ile ya nyuzi za kulala, kwa hiyo usilaumu vidole bure. Zima kiyoyozi, vua saa, jaribu kiti kama kinalia.

Rekodi kila walzi nzima mara tatu kwanza, marekebisho baadaye. Rubato, yaani kuvuta na kuharakisha mwendo kidogo kwa hisia, haijirudii sawasawa: kipande cha vipimo vinne kilichochezwa peke yake huwa na mwendo wake, na kiungo kinasikika. Ukirekebisha, anzia vipimo nane nyuma, siku hiyohiyo, maikrofoni zisiguswe. Kata kwenye mwanzo wa sehemu mpya, kamwe si katikati ya sentensi ya wimbo.

Mpangilio hauhitaji kufuata namba. Mpiga piano Mromania Dinu Lipatti alirekodi walzi 14 mwaka 1950 kwa mfuatano wake mwenyewe. Epuka tu kupanga mbili za huzuni mfululizo, na baada ya Op. 34 Na. 2, ambayo ni ya polepole, ongeza sekunde mbili za ukimya kuliko kwingine.