Kijana anakwenda jeshini, gari linabaki: nifute bima?

SWALI: Habari za kazi, ndugu wakala. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Arlington, Texas. Mwanangu Baraka, miaka 19, ameshakula kiapo cha jeshi na mwezi ujao anakwenda Fort Jackson, South Carolina, kwa mafunzo ya awali. Anaacha Corolla ambayo mkopo wake haujaisha. Gari lipo kwenye bima yangu, na tangu nimwingize yeye ada imepanda mpaka nakosa usingizi. Mtu mmoja kanisani ananishauri nimtoe Baraka na nisimamishe bima ya gari hadi arudi. Mwingine anasema nibakize komprehensivu tu, inatosha. Dada yake wa miaka 17 amepata leseni juzi, naye gari analimezea mate. Nifanyeje? (Mama Baraka)

JIBU: Shikamoo Mama Baraka, na hongera kwa kijana. Usifute kitu bado.

Nianze na hilo neno komprehensivu, maana limeshawaponza wengi wetu. Nyumbani ukisema komprehensivu unamaanisha bima kubwa, yaani kila kitu kimo. Huku bima kubwa imekatwa vipande. Kipande cha kwanza kinalipa madhara unayowasababishia wengine, na ndicho sheria inachokudai ukiwa barabarani. Hapa Texas kiwango cha chini ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali za watu. Kipande cha pili kinatengeneza gari lako likigongana na kitu au kupinduka. Cha tatu ndicho wanachokiita komprehensivu, nacho ni cha wizi, moto, mafuriko, tawi la mti na mvua ya mawe. Mtu wa Arlington sina haja ya kumweleza habari za mvua ya mawe.

Kwa hiyo aliyekuambia ubakize komprehensivu hakukosea kabisa. Gari likiwa limeegeshwa tu, watu wengi hubakiza kipande hicho na ada hushuka sana. Lakini siku hiyo gari haliruhusiwi kutoka, hata kwenda kujaza upepo. Na Texas, usajili ukifika wakati wa kuhuishwa, wanataka ushahidi wa kile kipande cha kwanza. (Una ndugu New York? Kule mwambie arudishe kwanza namba za gari, ndipo afute bima. Akitanguliza kufuta, anaingia matatani.)

Kisha kuna benki. Mkopo wa gari karibu kila mara unakubana ubaki na kipande cha pili na cha tatu mpaka senti ya mwisho. Ukiondoa kimoja, benki inapata taarifa, inanunua bima yake yenyewe na kukubambika gharama. Bima hiyo huwa ghali, tena inalinda fedha ya benki. Ukimgonga mtu haikusaidii chochote. Soma mkataba wa mkopo kabla ya kumpigia mtu wa bima.

Ila kwa hali yako naona binti ameshatoa jibu. Kama ataliendesha, gari hilo halijaegeshwa. Bima ibaki kamili na jina lake liandikwe. Ada ya dereva wa miaka 17 inauma, sikufichi, lakini kumficha dereva anayeishi ndani ya nyumba ndiyo njia fupi ya kunyimwa malipo siku ya ajali.

Sasa Baraka. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Kampuni inaweza kumwondoa kwenye orodha ya madereva kwa sababu hayupo nyumbani, au inaweza kumtenga kwa maandishi. Kwenye simu mambo haya mawili yanasikika kama jambo moja. Akiondolewa tu kwenye orodha, kwa kawaida bado analindwa akiazima gari kwa ruhusa yako siku moja moja. Akitengwa kwa kusaini fomu, siku akishika usukani bima yote hailipi. Na kuruti hupewa likizo ya Krismasi. Atafika nyumbani na kichwa kilichonyolewa, atachukua funguo akawasalimie rafiki zake, wala hatakumbuka fomu. Kwa hiyo sema wazi: "Hayupo nyumbani, yuko mafunzoni, sitaki atengwe." Huenda wakakupunguzia ada vilevile.

Hukuniambia hati ya umiliki, ile tunayoiita kadi ya gari, ina jina la nani. Kama ni la kwako, gari libaki kwenye bima yako. Kama ni la Baraka, ningependa afungue bima yake mwenyewe kabla ya kuondoka. Akihamia kambini moja kwa moja hatahesabika kuwa mkaazi wa nyumba yako, na wewe utakuwa unalikatia bima gari lisilo lako. Isitoshe, historia ya bima isiyokatika itamfaa: kijana anayerudi bila rekodi yoyote hutozwa kama mgeni. Aulize pia USAA, kampuni ya bima ya wanajeshi na familia zao, iliyoanzishwa na maofisa wa jeshi San Antonio mwaka 1922. Yeye anaweza kujiunga, wewe huwezi kupitia kwake. Uanachama unashuka kwa watoto, haupandi kwa wazazi.

Jina kwenye mkopo nalo lina uzito. Ipo sheria ya kuwalinda wanajeshi kwenye mambo ya kiraia, SCRA. Kama Baraka alichukua mkopo kwa jina lake kabla ya kuingia jeshini, anaweza kuandika barua, akaambatanisha amri ya kuripoti, na riba ishushwe hadi asilimia 6 kwa muda wote wa utumishi. Mkopo ulio kwa jina lako peke yako haumo. Ada ya bima pia haimo, usidanganywe.

Hayo yote yafanyike yeye akiwa bado sebuleni kwako. Mafunzo ya awali ni wiki 10, simu wanazifungia, na gari haruhusiwi kwenda nalo. Akuandikie hati ya uwakilishi inayotaja hilo gari, ili usajili ukiisha usikwame.

Akishapangiwa kituo atalitaka gari lake. Siku hiyohiyo kampuni ielezwe linalala wapi. Na akipelekwa Fort Bliss kule El Paso, mwambie mapema kwamba bima ya Marekani haivuki naye daraja kwenda Juárez. Upande wa Mexico anatakiwa kununua ya kwao, hata kama ni ya mchana mmoja.